Studio ya Uani

Chumba chenyewe kiko uani, Ngamiani, mjini Tanga: futi kumi kwa kumi, bati juu, dirisha moja linalotazama jiko la jirani. Mwandishi wa kumbukumbu hii alikipata mwaka 2013, akiwa na shilingi laki nane alizodunduliza kwa kupiga kinanda harusini. Nia yake ilikuwa moja tu: arekodi bila kupanda basi.

Tanga haikuwahi kupungukiwa muziki, ila mitambo ya kuunasa ilikaa kwingine. Vikundi vya Black Star na Lucky Star ndivyo vilivyoitia taarabu gitaa la umeme na besi, na sauti ya Shakila Saidi ikavuma pwani nzima. Lakini sahani zake zilitoka Mombasa, kwa lebo ya Mzuri. Wilson na George Kinyonga waliopigia bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga waliishia Nairobi, na huko ndiko bendi yao ya Simba Wanyika ilikotamba. Hata kundi la Wagosi wa Kaya lilipovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuimba habari za Tanga, studio zenye majina zilikuwa Dar es Salaam. Mwenye wimbo alitafuta nauli, akalala kwa ndugu, akasubiri zamu. Saa aliyolipia ikiisha, kosa lilibaki humohumo kwenye wimbo.

Laptopu ya mtumba ilimeza nusu ya pesa. Ikafuata saundi kadi ndogo ya matundu mawili, inayokula umeme wa laptopu yenyewe kwa waya wa USB, kisha hedifoni za kufunika sikio zima. Programu hakuinunua, alianza na Audacity, ambayo ni ya bure tangu mwaka 2000.

Aliteleza kwenye maiki. Alichukua ya kondensa, ile inayohitaji volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, kwa sababu ndiyo aliyoiona kwenye picha za studio kubwa. Maiki ya aina hiyo ina utando mwepesi sana, hata mnong'ono inaudaka. Aliporudia kusikiliza wimbo wa kwanza alisikia sauti ya mwimbaji, bajaji inayokata kona, na chini yake krr, krr, krr. Jirani alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Tena hakuwa nje ya mapigo.

"Bandika trei za mayai," rafiki yake akamwambia. Akazunguka kwa wauza chipsi, akakusanya trei, akajaza ukuta. Chumba kikanuka banda la kuku, mwangwi ukabaki vilevile, na krr haikupungua. Trei ni karatasi nyembamba. Inapunguza kidogo sauti za juu, basi. Kinachomeza mwangwi ni kitu kinene chenye nyuzinyuzi: hewa inayotikiswa na sauti hupenya ndani, ikasuguana na nyuzi, nguvu yake ikageuka joto dogo lisilohisika.

Na nyuzi, Tanga ni kwao. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, na mashamba ya mkonge ya Tanga yakaanzia hapo. Miaka 120 baadaye, magunia matatu ya mabaki ya nyuzi hizo yaliingia uani kwa mkokoteni. Yalishindiliwa kwenye fremu za mbao zenye unene wa sentimita 10, yakavishwa kanga kuukuu za mama, zilizo nyepesi kiasi cha kupitisha sauti, na kutundikwa mbali kidogo na ukuta. Kabla ya hapo, ukipiga kofi chumbani lilijibu kwaaa. Sasa lilisema pa, likaisha.

Kelele za nje zilihitaji dawa nyingine. Kondensa iliuzwa, ikanunuliwa Shure SM58, maiki ya jukwaani iliyo sokoni tangu 1966. Kwa kuwa bandia zimezagaa, aliichukua mkononi kwa mwanamuziki wa bendi, baada ya kuijaribu. Inasikia vizuri kilicho karibu tu, kwa hiyo mwimbaji aliwekwa vidole vinne kutoka kwenye wavu wake. Waya zililala kwenye ndoo yenye mfuniko, maana upepo wa bahari una chumvi na plagi hushika kutu upesi.

Usiku mmoja, binti aliyekuja kuingiza sauti alikuwa katikati ya ubeti wa pili umeme ulipokatika mtaa mzima. Feni ikasimama, friji la jirani likanyamaza, redio za barazani zikafa. Laptopu ikaendelea kwa betri, na taa ya kijani ya saundi kadi haikuzima. Binti alitaka kuacha. Akaonyeshwa kwa mkono aendelee. Katika nyimbo zote zilizotoka chumba kile, hiyo ndiyo isiyo na mvumo wowote nyuma ya sauti, ila mwishoni kabisa, ambapo mtaa mzima unasikika ukishangilia umeme kurudi.