Ukuta au Utando?

Kwa miaka mingi nilitenda kosa moja la lugha darasani. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, nami, nikitaka kuwasaidia wanafunzi, niliufasiri utando wa seli kwa neno "ukuta". Siku moja binti mmoja akauliza: "Mwalimu, kama ni ukuta, chembe nyekundu ya damu hupitaje katika kapilari nyembamba kuliko yenyewe?" Nilimwambia asitupotezee muda.

Swali lilikuwa la haki. Ukuta wanao mimea. Chembe ya damu hana ukuta wa kumzuia. Imefunikwa na matabaka mawili ya lipidi yaliyogeuziana mikia, unene wa jumla kama nanomita 5, na molekuli zake huteleza na kubadilishana nafasi bila utando kuchanika. Lipidi zenye mikia iliyonyooka hushikamana, kama samli asubuhi ya baridi kule Njombe. Zenye mikia iliyopinda hubaki majimaji, kama mafuta ya alizeti. Baina yake hukaa kolesteroli, ambayo mitaani tunaijua kwa ubaya tu. Joto likizidi, huizuia mikia isitapetape. Baridi ikija, huizuia isigandamane. Neno moja la Kiswahili la kubeba kazi hizo mbili bado nalitafuta. Nimejaribu "msuluhishi", halikuniridhisha.

"Utando", lakini, tulikuwa nalo, kutokana na kutanda: ule unaofunika maziwa yaliyochemshwa, ukiuguswa na kijiko hukunjamana. Nililisikia jikoni kwa mama tangu utotoni. Yule binti sikuwahi kumjibu.