Uzito wa Plau

Mimi sijawahi kushika theluji. Ile pekee niliyoiona kwa macho yangu ni ya kileleni mwa Mlima Kenya, asubuhi moja isiyo na mawingu, nikiwa kwenye matatu karibu na Nanyuki. Lakini niletee pikapu ya 4x4 na plau la theluji, nitakuambia uanzie wapi, na kwa nini lile gari refu unalojivunia linaweza kukuangusha. Yote haya nimeyajulia Nairobi, ndani ya bedsita, simu mkononi.

Braza yangu anaishi Brooklyn Park, kando ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Wakenya ni wengi huko, na wengi wao wanafanya kazi ya kutunza wazee. Yeye pia. Miaka miwili iliyopita alinunua Ford F-250 kuukuu ambayo mwenyewe wa kwanza alikuwa ameiinua inchi 6 na kuivalisha matairi makubwa ya matope. Picha alizotuma zilinitia wivu, si uwongo. Lilikuwa gari la kwenda porini wikendi. Halafu Oktoba akaniambia anataka kulifunga plau, awe anasafisha pakingi za maduka usiku akitoka shifti.

"Msimu mmoja tu, kadogo," akasema. "Nikishalipa deni la plau, hiyo ganji inayobaki inakurudisha campo."

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipoishinda nyumba nzima. Tangu hapo naandikia watu mtandaoni: leo makala ya bima, kesho maelezo ya viatu. Mimi nilishazoea. Yeye ndiye hajazoea. Anahesabu hilo kama deni lake, ingawa hakuna aliyemdai.

Ukisikia plau, labda unafikiria ng'ombe wawili na shamba la mahindi. Hili halilimi. Fikiria greda, lile bapa la chuma linalosukuma udongo hadi kando ya barabara. Sasa litundike mbele ya pikapu, liwe linapanda, linashuka na kugeuka kushoto au kulia ukibonyeza kidude ukiwa kwenye usukani. Braza alinunua lililotumika, bila kitabu chake. Kitabu nilikipata mimi kwenye intaneti. Kwa hivyo jioni tatu yeye alilala chini ya gari, mikono kwenye glavu, nami namsomea kwa WhatsApp, hatua baada ya hatua.

Jambo la kwanza: plau halishikwi na bampa. Bampa ni la urembo na ajali ndogo. Plau linashikwa na chesisi, kwa vyuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya aina hiyo ya gari, na bolti zinakazwa kwa kipimo, si kwa nguvu za hasira.

La pili ndilo lililomuuma. Ule mkono wa chuma unaounganisha plau na gari unatakiwa kulala karibu sambamba na ardhi. Gari likiwa limeinuliwa, mkono unateremka kama mlima. Ukisukuma mbele moja kwa moja hutaona shida. Ukigeuza plau pembeni, kona moja inachimba lami na nyingine inaning'inia hewani, huku theluji ikipita chini. Kuna vyuma vya kushusha mahali pa kufungia, lakini alipopiga hesabu, njia rahisi ilikuwa kulishusha gari lenyewe. Akatoa zile inchi 6. Yale matairi mapana nayo akayauza, kwa sababu kwenye theluji tairi jembamba hukata hadi chini, na lile pana huelea juu. Alinitumia picha ya gari likiwa fupi, la kawaida, bila neno lolote.

La tatu ni umeme. Pampu ya haidroliki inayoinua plau inakula moto mwingi kwa mpigo mmoja, kwa hivyo betri iwe nzima na oltaneta iwe na nguvu. Tena plau likiinuliwa linaziba taa za mbele, kwa hivyo linafungwa taa zake, juu zaidi. Likibebwa juu sana barabarani linanyima rejeta upepo, na injini inaweza kuchemka hata nje kukiwa na baridi ya kugandisha maji.

Jambo la mwisho ni uzito. Plau la gari kama hilo linaweza kupita kilo 300. Na kwa sababu linaning'inia mbele ya ekseli, ekseli ya mbele inabeba zaidi ya uzito wa plau, maana sehemu ya nyuma inainuliwa kama bembea. Ndiyo maana watu huweka magunia ya mchanga nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma na kuyafunga vizuri yasiruke ukikanyaga breki. Yale magunia yanaipunguzia mbele mzigo. Na ukifungua mlango wa dereva, kuna kibandiko kinachosema kila ekseli ina ruhusa ya kubeba kilo ngapi.

Nilimwambia akisome. Akakisoma. Halafu nikamuuliza, "Na wewe, chako kiko wapi?"

Kimya. Nikasikia spana ikianguka.

"Wacha hizo. Soma ukurasa unaofuata."

Lakini nilikuwa nimeshaanza kuhesabu. Kodi ya nyumba ya mama. Karo ya sista. Dawa za shosho. Michango ya mazishi ya watu ambao hata hawakumbuki sura. Sasa na mimi, juu ya usingizi wa saa nne. Yote yananing'inia mbele, kwa mtu mmoja, kwenye barafu, saa nane za usiku.

Tulibishana wiki nzima. Nilimwambia campo nikirudi nitarudi kwa pesa yangu, somo moja moja hata ikichukua miaka sita, na kwamba kuanzia Novemba kodi ya mama ni yangu. Akasema mimi ni kitinda mimba, hiyo si kazi yangu. Nikamwambia gunia la mchanga halihitaji kuwa kubwa kama plau. Linahitaji tu kukaa nyuma, mahali pake. Akacheka. Kwa braza yangu, kicheko ndiyo sahihi.

Theluji ya kwanza ilipoanguka alinipigia, kwao saa nane usiku, kwetu saa tano asubuhi. Akanifundisha kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu: rundo la kwanza unalisukuma mbali kabisa, hadi mwisho wa pakingi, hata kama theluji ni kidogo. Litaganda hapo, na zingine zitakuja juu yake. Ukiliacha karibu, kufika Februari huna mahali pa kusukumia.

"Uko na usingizi?" nikamuuliza.

"Kidogo. Nafanya mbili tu leo, narudi kulala."

Alikuwa amepanga kufanya pakingi tano. Sikusema kitu. Kodi ya Januari nilikuwa nimeshatuma.