Galaksi Iliyomeza Wenzake na Negatifu Yetu ya Uvira

Tuliombwa familia yetu tuandike kitu juu ya maisha ya kabla ya kambi. Kwa kuwa wengi wameshaandika juu ya safari, sisi tutaandika juu ya nyota. Msicheke kwanza.

Tuliishi Buyenzi, Bujumbura, watu saba katika chumba na sebule, tangu tulipovuka kutoka Uvira mwezi wa sita mwaka 2004. Anayeijua Buyenzi anajua kelele zake: mafundi wa magari wanagonga mabati tangu alfajiri, redio kila mlango, na Kiswahili chake kinachokufanya usahau kidogo kuwa uko ugenini. Umeme ukikatika usiku, kila mtu analalamika. Sisi tulianza kuufurahia, kwa sababu ya kaka yetu mkubwa.

Kaka alikuwa lise, na mwalimu wake wa fizikia alimwazima gazeti kuukuu la sayansi la Kifaransa, halina hata jalada. Ndani mlikuwa na picha za galaksi za umbo la yai. Galaksi, kwa asiyejua, ni mji wa nyota: jua letu na nyota zote tunazoziona kwa macho ziko katika mji mmoja, na nje yake kuna miji mingine isiyohesabika. Mingi ina mikono inayojizungusha, yenye gesi na nyota zinazozaliwa. Ile ya umbo la yai haina mikono. Ni mviringo tu wa nyota nyingi za zamani, umetulia, na kwa miaka mingi wataalamu waliiona kuwa haina habari.

Kisha akaja David Malin, Mwingereza aliyesomea kemia na kufanya kazi Australia. Alikuwa mtu wa chumba cha giza, wa dawa na sahani za picha. Zile sahani za kioo zilizopigwa kwa darubini hazikuwa mpya. Wengine walishazitazama na kuzirudisha kabatini. Malin alijua kwamba mwanga hafifu kabisa hukaa kwenye tabaka la juu la dawa. Basi akaweka sahani uso kwa uso na filamu, akapitisha mwanga uliotawanyika ili tabaka lile la juu tu ndilo lijiandike, akakoleza tofauti ya nyeusi na nyeupe. Wakati mwingine alipanga nakala kadhaa juu ya nyingine. Mwaka 1979 alionyesha mkia wa mwanga unaotoka kwenye galaksi ya M89. Mwaka 1980, yeye na David Carter walitangaza maganda makubwa kuzunguka galaksi za umbo la yai, kama maganda ya kitunguu. Moja yao, NGC 3923, imeshahesabiwa maganda zaidi ya 20.

Na ni hafifu jamani! Hata anga tunayoiita nyeusi ina mwanga wake kidogo, na maganda haya ni hafifu sana kuliko weusi huo.

Yametoka wapi? Mwaka 1984 Peter Quinn alieleza kwa hesabu za kompyuta. Galaksi ndogo imeingia kwenye kubwa ikachanwa. Nyota zake zinapita katikati, zinatoka upande wa pili, zinarudi, kama mtoto kwenye bembea. Bembea ikifika juu kabisa inasita kidogo kabla ya kurudi. Nyota nazo zinasita huko mwisho wa safari yao, zinarundikana, na rundo hilo ndilo ganda tunaloliona.

Galaksi iliyo karibu ya namna hii inaitwa Centaurus A. James Dunlop aliiona mwaka 1826 akiwa Australia. Iko miaka ya nuru milioni 12 hivi kutoka kwetu. Yaani mwanga wake uliondoka kule wakati ambapo, kwa makadirio ya wanajiolojia, Ziwa Tanganyika ndiyo kwanza linafunguka. Katikati yake umepita mkanda mweusi wa vumbi, mabaki ya galaksi nyingine iliyomezwa, na mwaka 1983 Malin na wenzake waliona maganda yake pia. Ulaya haionekani vizuri au haionekani kabisa. Sisi Bujumbura tunayo juu angani, ni bahati yetu hiyo. Mzee jirani aliyewahi kufanya kazi bandarini alituazima darubini ya mkono, tukapanda kwenye kibaraza usiku umeme umekatika. Wawili kati yetu tuliona kitu kama pumzi kwenye kioo. Mama alitazama weee, akasema anaona giza tu, watoto waende kulala.

Sasa ile negatifu. Tulipokimbia tulipotezana na mdogo wetu wa kiume, wakati huo ana miaka sita. Kwenye ofisi moja tulikoenda kuandikisha jina lake tuliambiwa tulete picha. Tulikuwa na moja tu, ya harusi Uvira, jioni, naye amesimama pembeni kabisa ambako mwanga haukufika. Yule mtu akaishika, akasema hapa hakuna mtoto, akaturudishia. Mama hakusema neno mpaka nyumbani.

Kaka ndiye aliyekumbuka lile gazeti. Negatifu tulikuwa nayo, imekunjwa ndani ya Biblia. Tukaipeleka kwa fundi wa studio palepale Buyenzi. Hakumjua Malin, wala hakutaka kusikia habari za galaksi, lakini kazi yake aliijua. Aliiingiza kwenye kompyuta, akakoleza, akakoleza tena. Bwana harusi akawa mweupe kama karatasi, bibi harusi akapotea kabisa. Pembeni ikatokea sura. Ina chengachenga, lakini ni yeye, na masikio yale. Na juu ya bega lake kuna mkono wenye bangili. Ni shangazi! Hatukukumbuka kuwa alisimama naye. Tangu siku hiyo tunatafuta watu wawili, na fomu ya pili Mama aliijaza mwenyewe.

Mpaka leo hatujapata jibu. Mdogo wetu wa mwisho aliwahi kumuuliza kaka kama nyota za ile galaksi iliyomezwa zimekufa. Kaka akamwambia hapana, nyota ziko mbalimbali mno, galaksi zikiingiliana nyota zenyewe hazigongani ila kwa nadra sana. Zipo, zinaendelea kuwaka, ila ziko mbali na mahali zilipoanzia. Mtoto akauliza: na nani anajua ni za nani? Kaka akasema zinajulikana kwa mwendo wake na kwa madini yaliyo ndani yake.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, mvua zikiisha, kama saa tatu usiku, tutakuwa uwanjani nyuma ya shule, tukitazama kusini juu ya Msalaba wa Kusini. Njooni na mikeka. Mwenye darubini ya mkono atusaidie, ya mzee tulishairudisha.