Ana Gari la Wazi, Lakini Nyuma Haoni

Mjini hapa kuna jamaa anasukuma Mazda MX-5 nyekundu, ile ya zamani ya taa zinazoinuka. Ukimkuta Masaki jioni, turubai limeshushwa, miwani usoni, utasema huyu maisha kayapatia. Wanaomjua wanajua kazi ya ofisini iliisha mwaka jana, na gari hilo ndiyo ofisi yenyewe. Analikodisha kwa maharusi na kwenye video za muziki.

Tatizo lilikuwa dirisha la nyuma. MX-5 za toleo la kwanza, za 1989 hadi 1997, kwa kawaida hazina kioo nyuma. Zina plastiki laini inayofunguliwa kwa zipu. Jua linaikausha, vumbi linaikwaruza kila ikifutwa kikavu, na miaka ikienda inaingia ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Kwenye picha za mchana hakuna anayegundua, turubai si limeshushwa? Ila mvua ya Dar haibishi hodi. Siku moja, turubai juu, jamaa anarudi nyuma taratibu, akasikia mtu anapiga kelele. Bodaboda na abiria wake, hatua mbili tu. Hakuwaona kabisa! Usiku ule mke wake akatamka: mimi sipandi tena, na mtoto hapandi. Na hapo kuna bibi harusi ameshatoa advansi, na advansi imeshalipa kodi ya nyumba.

Fundi wa kwanza alitaka kubadilisha turubai zima, kwa bei ambayo bora uuze gari. Wa pili akaja na petroli kwenye kitambaa. Bahati nzuri shemeji mtu alikuwepo, kaka wa mke, anayefanya kazi kwenye maboti, ambako plastiki za aina hiyo ni za kila siku.

"Weka chini hiyo, shem, utaiua."

Hata dawa ya vioo yenye amonia alikataza.

Wakaliingiza gari chini ya mwembe, maana kazi hii haifanywi juani. Kwanza maji mengi ya sabuni, kwa kiganja, mchanga utoke. Kisha msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, plastiki imelowa muda wote, na jamaa yuko ndani kashikilia ubao uliofungwa taulo ili isibonyee. Hapo ndipo roho ilimtoka: plastiki ikawa nyeupe kama maziwa, mbaya kuliko mwanzo. Shemeji wala hakushtuka. Akapaka polishi ya plastiki kidogo kidogo, kitambaa laini, duara juu ya duara, mikono inauma. Baada ya saa kadhaa jamaa akaanza kuona majani ya mwembe, kisha ukuta, kisha mke wake kasimama kibarazani mikono kiunoni.

Njano kidogo imebaki, na alama ya mkunjo katikati haitatoka, hiyo plastiki ilishavunjika. Siku hizi kabla ya kushusha turubai anafungua zipu, analaza dirisha juu ya taulo. Mwendo wa dakika mbili ambao mashabiki hawaupigi picha.

Bibi harusi alifikishwa kanisani salama. Jumapili mke akakaa kiti cha abiria, akageuka, akatazama nyuma muda mrefu.

"Naona," akasema. "Ila mtoto bado hapandi."