Waulizaji Wanahama

Jumanne, 24 Juni 2025, Kikima

Baridi ya Mbooni imeingia kweli. Saa tatu asubuhi ukungu bado umejaa bondeni. Kinyozi ameegemeza simu kwenye kioo, Fixing the Nation ya NTV inaendelea YouTube, na mjadala ukipamba moto mashine inasimama juu ya sikio la mteja. Eric Latiff ndiye tuliyemzoea Spice FM, kwenye The Situation Room, pamoja na Ndu Okoh na CT Muga. Sasa yuko NTV na Mariam Bishar na Tom Mboya, na kinyozi amehama naye. Kwake kituo ni jina tu lililoandikwa pembeni mwa picha.

Jumatano, 25 Juni

Mamlaka ya Mawasiliano imepiga marufuku kurusha maandamano ya leo moja kwa moja. NTV na KTN zimezimwa. Mwaitu, mama wa duka la pili, akaniita: "Mwanangu, njoo uone, TV yangu imeharibika." Haijaharibika, nikamwambia, wamezima. Nikamwonyesha kwenye simu, kule picha zilikuwa zinaendelea. Mahakama Kuu imesimamisha agizo hilo.

Kuzimwa huku kumenikumbusha 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila alipoapishwa kuwa "rais wa wananchi" Uhuru Park. Wanahabari Kaikai, Madowo na Mijungu walikesha ofisini NTV wakihofia kukamatwa. Kabla ya mwaka kwisha Kaikai alikuwa Royal Media, Madowo BBC. (Sisemi moja lilizaa jingine.)

Ijumaa, 27 Juni

Stima hakuna. Musyi FM kwa redio ya betri.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya kanisa nimekaa kuwahesabu watangazaji waliohama. Koinange alitoka KTN 2016, baada ya ule usiku Miguna na Passaris walipozozana kipindini mwake, akatua Citizen. Okwara naye KTN hadi Citizen. Ageyo KTN, Citizen, kisha NTV. Wanazunguka nyumba zile zile, na siwalaumu, mshahara ni mshahara. Kinachonikera ni kwamba mwanasiasa hahami. Yeye anakaa kiti kile kile, anakuta muulizaji mgeni, anarudia ahadi aliyompa yule aliyeondoka. Video za zamani zimebaki na kituo, na muulizaji ameenda na alichokumbuka kichwani tu.

Chukua Bwawa la Thwake, hapa kwetu Makueni. Ujenzi ulianza 2018, na tarehe ya kumaliza imesogezwa tena na tena. Mgeni akisema "karibuni", muulizaji mzuri anamwekea mezani "karibuni" yake ya awali. Marehemu Mutula Kilonzo, aliyekuwa mbunge wetu, hungeweza kumhoji bila kusoma kwanza. Wakili yule angekugeuzia swali lako mwenyewe. Wanasiasa wengi wa siku hizi, kuwahoji hakuhitaji hata kujiandaa.

Mpwa wangu anasema klipu zote za Thwake zinapatikana mtandaoni. Atazikusanya, na akija mgeni wa kuhojiwa kuhusu maji atazituma kipindini, awe nani kwenye kiti. Nimemwekea bando la shilingi hamsini. Ameomba mia.