"Huwezi" Inashinda "Unaweza"

Kila mtaa una sheria zake za kadi. Kwetu, ukilishwa mbili unaokota mbili, ukilishwa tatu unaokota tatu, joker ni tano, na hakuna kujadiliana. Nikaenda chuo, nikakuta majamaa hosteli wanaodai kwamba ukilishwa unaweza kujibu na jei, zile kadi zikamrukia anayekufuata. Nani alisema? Chumba cha pili walikuwa na yao kuhusu eisi ya spedi. Kuna mmoja aliapa kwamba mkibaki wawili, kingi inakurudishia zamu na unaweza kumalizia hapo hapo. Tulikuwa tunachezea chapati, kwa hivyo haya hayakuwa maswali madogo. Saa tano usiku, watu wazima wanane wamesimama juu ya vitanda wakibishana kama huyo mse alisema "niko kadi" kabla au baada ya kuweka kadi chini.

Na kesi ziliishaje? Mwenye kadi ndiye alikuwa Mahakama ya Juu. Ukimkasirisha anazikusanya, anazifunga na raba, mnaenda kulala njaa.

Ndiyo maana nilipofunzwa Magic: The Gathering baadaye, kilichonishika si majoka wala wachawi. Ni kwamba sheria zimeandikwa. Mchezo wenyewe ulitoka 1993, ukiwa umebuniwa na mwanahisabati Mmarekani, Richard Garfield, na shida aliyojitengenezea ni hii: kila kadi inakuja na sheria yake imeandikwa usoni. Leo kuna zaidi ya kadi 20,000 tofauti, na yoyote inaweza kukutana na nyingine mezani. Kitabu cha kanuni kina zaidi ya kurasa 200, na kinapatikana bure kwenye intaneti. Mimi nimekisoma kwenye simu, ndani ya matatu ya Githurai, jinsi wengine husoma mahubiri.

Mwanzoni kabisa mwa kitabu kuna mambo mawili. La kwanza: maneno ya kadi yakigongana na kanuni za mchezo, kadi inashinda. La pili: kitu kimoja kikisema unaweza na kingine kikisema huwezi, "huwezi" inashinda. Hiyo ya pili ningeielewa hata kama singewahi kugusa kadi. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni mbele ya dirisha la ofisi nchini humu anaielewa.

Halafu kuna rundo. Ukicheza kadi, kwa kawaida haifanyi kazi papo hapo. Inapanda kwenye rundo, na mwenzako anapewa nafasi ya kujibu. Akijibu, ya kwake inakaa juu ya yako. Mkinyamaza wote, ya juu inafanya kazi kwanza, kisha inayofuata, hadi chini. Ni kama sahani kwa kibanda cha mama wa chakula: ile iliyooshwa mwisho ndiyo utakayopakuliwa. Ugomvi mwingi wa wanaoanza unaisha ukiwaambia hivyo tu. Mtu analia, "Lakini mimi nilicheza kwanza!" Ndiyo, na ndiyo maana yako iko chini.

Kuna kesi ambazo hata rundo halisaidii. Niliyoipenda mapema ni ya Blood Moon na Urborg. Urborg, Tomb of Yawgmoth ni ardhi inayosema kila ardhi mezani ni kinamasi pia, juu ya vile ilivyo. Blood Moon inasema kila ardhi isiyo ya msingi ni mlima. Urborg yenyewe si ya msingi. Sasa zote mbili ziko mezani, zinazungumza kwa wakati mmoja. Tumsikilize nani?

Kwa kawaida ungeuliza nani alitangulia kufika. Hapa kanuni inauliza swali lingine kabisa: mmoja akiongea kwanza, mwingine atabaki na la kusema? Ukianza na Urborg, Blood Moon bado ina kazi yake yote. Ukianza na Blood Moon, Urborg inageuka mlima wa kawaida, maneno yake yanafutika, haina la kusema tena. Kwa hivyo Urborg inaitegemea Blood Moon, na tegemezi husubiri. Blood Moon inaanza, hata kama Urborg ilikaa mezani raundi tano kabla yake. Hakuna vinamasi. Nimeona mtu akikataa jibu hili kwa dakika arobaini, akinionyesha kwa kidole kwamba ardhi yake ilitangulia. Nilimhurumia. Kutangulia kwake kulikuwa kweli, ila hakukuwa na uzito.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Watu hutaka hadithi hiyo iwe na pombe au mapenzi. Yangu ina fomu. Alama za somo moja la mwaka wa pili hazikuonekana kwenye mfumo. Idara ikasema mtihani niliufanya, karatasi zilipelekwa ofisi ya mitihani, niende huko. Ofisi ya mitihani ikasema inapokea malalamiko ya mwanafunzi aliyesajiliwa muhula huo pekee. Nikaenda kujisajili, mfumo ukanikataa kwa sababu ya zile alama zisizokuwepo. Mfumo ukasema niwasiliane na idara yangu. Nilizunguka hivyo muhula mmoja na nusu, nauli ikitoka kwa mamangu anayeuza mitumba. Kila dirisha walikuwa watu wapole, na kila mmoja alifuata kanuni yake sawasawa. Hiyo ndiyo ilinichosha zaidi, kwamba hakukuwa na mtu wa kukasirikia.

Kuna kadi inaitwa Oblivion Ring. Ikiingia mezani, inafukuza kitu kingine kimoja ambacho si ardhi. Ikitoka, kile kilichofukuzwa kinarudi. Sasa tuseme mbali na ardhi hakuna kitu mezani ila ring moja. Ya pili inaingia. Haina pa kwenda, inaifukuza ya kwanza. Ya tatu inaingia, inaifukuza ya pili. Ya pili ikitoka, ya kwanza inarudi, na ikirudi lazima ifukuze kitu, na kilichopo ni ya tatu. Ya tatu ikitoka, ya pili inarudi, inaifukuza ya kwanza. Ya kwanza ikitoka, ya tatu inarudi. Hakuna anayechagua chochote. Zinazunguka tu.

Kitabu kimelifikiria hilo. Mzunguko wa lazima ambao hakuna kitu cha kuukatiza, mchezo unaisha sare. Siku niliposoma kanuni hiyo nilicheka peke yangu kwenye matatu hadi abiria wa kando akasogeza begi lake. Sare! Hakuna aliyeshindwa, kila mtu anachukua kadi zake anaenda nyumbani. Mimi na chuo hatukutoka sare. Mmoja wetu alibaki na majengo.

Siku hizi hucheza Jumamosi, Ngara, chumba cha juu ya duka la vifaa vya simu. Tuko kama kumi. Kadi karibu zote ni za jamaa mmoja wa miaka thelathini na kitu, anayezinunua akisafiri kikazi na kutuazima bila kinyongo. Ni mtu mzuri, niliseme hilo mapema. Ana pia kampuni ndogo ya kutafutia watu nyumba za kupanga, na mimi ndiye humwandikia makala na matangazo. Pesa zake ndizo hulipa nyumba yangu. Na kwa sababu mimi ndiye niliyesoma kitabu, kesi za meza huletwa kwangu.

Siku hiyo alikuwa anacheza na kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, ambaye hana kadi hata moja yake. Jamaa ameshusha Shivan Dragon, joka la tangu seti ya kwanza. Kijana akashusha Oblivion Ring, pembe zimekunjika, akalenga joka. Kabla halijafukuzwa, akaongeza Disenchant, kadi ya kuvunja vitu kama hivyo, na akailenga ring yake mwenyewe.

Meza nzima ikacheka. Jamaa naye akatabasamu. "Umejivunjia. Joka langu linabaki."

"Hapana, mkubwa," kijana akasema. "Limeenda na halirudi."

Alikuwa amehesabu sahani. Uwezo wa kwanza wa ring, ule wa kufukuza, uko chini unangoja. Disenchant iko juu yake, inafanya kazi, ring inavunjika. Kuvunjika kwake kunaamsha uwezo wa pili, ule wa kurudisha, nao unapanda juu ya ule wa kwanza. Kwa hivyo unafanyika mapema, wakati hakuna kilichofukuzwa bado. Unarudisha hewa. Kisha wa kwanza, ambao hauhitaji ring iwe hai, unafukuza joka. Na aliyepaswa kulirudisha ameshapita.

"Huo ni ukora," jamaa akasema. "Ring haipo, kitu kinarudi. Hata mtoto anajua. Na hizo kadi kwani ni za nani?"

Nikasikia hosteli yote kwenye hilo swali. Wakanigeukia. Ilikuwa tarehe 28, na nilikuwa nimemtumia makala mbili ambazo hakuwa amelipia.

Sikuamua kwa mdomo wangu. Nilimwomba asome kadi kwa sauti, pole pole. Akasoma. Nikamuuliza, "Mkubwa, hapo sentensi ni ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili inangoja ya kwanza?"

Akaisoma tena kimya. Midomo ilikuwa inasonga. Aliliangalia joka lake kwa muda mrefu, kisha akalitoa mezani, halafu akasema amechoka na akaanza kukusanya kadi zake. Zote, pamoja na zilizokuwa mikononi mwa kijana. Kijana alizihesabu hadi sitini, akazigonga mezani zikalingana pembe, akampa kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema kitu. Dereva wa boda alikuwa anapiga honi huko chini kana kwamba tumemkosea yeye.

Jumamosi mbili hakuja. Pesa zangu ziliingia tarehe 9, bila lile "asante" analoandikaga, na kodi ya mwezi huo niliilipa kwa mkopo wa chama cha mamangu. Mama aliuliza kuna nini na kazi. Nikamwambia ni mambo ya joka. Akaniangalia vile huniangalia tangu niache shule.

Jumamosi ya tatu jamaa akapanda ngazi na sanduku lake kama kawaida. Akaketi mbele ya kijana, akamsukumia kadi nne mpya. Banishing Light. Ni kadi ya 2014, miaka saba baada ya Oblivion Ring, na inafanya kazi ile ile, ila imeandikwa kwa sentensi moja: inafukuza kitu hadi yenyewe itakapotoka mezani. Hilo neno "hadi" ndilo limeziba shimo. Ukiivunja mapema, haifukuzi chochote kamwe.

"Kuanzia leo utaazima hizi," akamwambia. "Zile ring nimeziweka nyumbani."

Kijana akaisoma. Akaigeuza nyuma, ambako hakuna maandishi ya maana, akaigeuza tena. Akanipitishia mimi. "Bro, hebu angalia. Iko njia?"

Nikaisoma mara tatu, jamaa akinitazama. Hakukuwa na njia, nikamwambia hivyo. Jamaa akacheka, cheko la kweli, akaanza kuchanganya kadi zake.

Kijana akakaa kimya kidogo, kisha akamuuliza, kwa heshima zote, Oblivion Ring moja huuzwa pesa ngapi.