Uani Kagoma, Ndani ya Migomba

Abiria wa basi la Biharamulo anayetoka Bukoba mjini akapita Kemondo, akapanda Muhutwe na kuikaribia Muleba, anaweza kuapa kwamba Kagoma haina watu. Anaona migomba, kisha uwazi wa nyasi unaoitwa rweya, kisha migomba tena. Hapa bati moja linametameta, kule moshi unapanda. Watu wapo, tena wengi. Wamo ndani ya vibanja vyao, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na uzuri wa Kagoma uko huko huko, nyuma ya nyumba, ambako jicho la msafiri wa basi halifiki.

Wageni huisifu Kagera kwa ziwa lake na kwa senene wake, wale panzi wanaoliwa, na sifa hizo ni za haki. Lakini kwangu mimi, mahali palipopangwa vizuri kuliko pote katika mkoa huu ni kile kiwanja kidogo cha uani kwa Mhaya, mwenyeji wa hapa, ambacho hakuna msanifu aliyewahi kukichora. Yeyote anayepanga kujitengenezea kibaraza nyuma ya nyumba yake, awe Mwanza, Dar es Salaam au Nairobi, angefanya vema kuja kukaa hapa mchana mmoja kabla ya kumwita fundi.

Kibanja huingiwa kwa kinjia cha miguu. Hatua chache tu kutoka barabarani joto linapungua, kwa kuwa majani ya migomba yamekutana juu ya kichwa chako. Chini ya migomba imesimama mibuni, na chini ya mibuni kuna maharage na magimbi. Ardhi yote imetandazwa nyasi na majani makavu. Hakuna udongo ulioachwa wazi. Halafu kinjia kinafunguka, na mbele yako kuna udongo mtupu, mwekundu, msafi, mistari ya ufagio ikionekana bado. "Nyegera waitu," anakukaribisha mama mwenye nyumba, na kiti kinaletwa kabla hujaulizwa kilichokuleta.

Hapo ardhi iliyofunikwa inapokutana na ardhi iliyofagiliwa ndipo lilipo pambo la kwanza la ua wa Kagoma, na sijaona jingine linalolizidi. Hapana geti wala uzio, lakini mtoto wa miaka mitatu anajua sebule inaanzia wapi. Nimeona nyua nyingi mjini zilizotumia pesa nyingi kwa taa, vyungu na sanamu, na bado mgeni anasimama katikati asijue akae upande gani, kwa sababu hakuna mpaka unaomwambia kwamba ameingia.

Zamani nyumba ya hapa ilikuwa mushonge, nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi tangu kileleni hadi kugusa chini, na sakafu yake ikitandikwa nyasi. Ndani kulikuwa na giza na ubaridi. Mwanga ulikuwa nje. Kazi iliyohitaji macho ilifanyiwa uani: kumenya ndizi, kusuka mikeka, kuchambua kahawa, kusuluhisha ugomvi wa majirani. Misonge imebaki michache na nyumba za matofali ya kuchoma zimeshika nafasi yake, ila ua haukuacha kazi zake. Kwenye ua nilioketi, pembeni uliegemezwa mtumbwi wa mti wa kukamulia rubisi, pombe ya ndizi. Karibu na jiko kulikuwa na rundo la maganda ya ndizi yakisubiri mbuzi. Na katikati hapakuwa na kitu chochote. Hiyo nafasi tupu ya katikati imeachwa kwa makusudi.

Tuanze na sakafu, maana humo ndimo nyua nyingi zinamoharibikia. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukanda huu wa karibu na ziwa hunyeshewa sana, hasa Machi hadi Mei. Ua wa hapa, ukiutazama kwa makini, umeinama kidogo kuelekea migombani. Fundi wa mjini angekuambia sentimita mbili kwa kila mita. Mama mwenye nyumba ameupata mwinamo huo kwa kufagia upande mmoja kila asubuhi kwa miaka mingi. Maji hayatuami, wala hayapotei, kwani yanashuka moja kwa moja kwenye shina la mgomba. Mbele ya mlango wa jiko, panapokanyagwa mno, wamelaza mawe bapa. Vilima vya upande huu ni vya mwamba wa mchanga wa kale sana, ambao wanajiolojia waliupa jina kutokana na Bukoba yenyewe, na mwamba huo hupasuka kwa mabamba. Kati ya jiwe na jiwe wameacha upana wa vidole viwili, ukoka umeota, mvua inapenya. Sakafu kama hiyo haiungui jua, haitelezi, na jiwe likizama hunyanyuliwa na kutiwa changarawe chini yake bila kubomoa kitu.

Kivuli nacho kina hesabu yake. Kagoma iko chini ya nyuzi mbili kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la saa sita hupita karibu na utosi. Kwa miezi kadhaa linaegemea kaskazini, kwa miezi mingine kusini. Ukuta, hata uwe mrefu, hautakupa kivuli cha kutosha saa hiyo. Mti ndio utakaokupa. Ndiyo sababu ukingoni mwa ua hukosi mti mkubwa mmoja au miwili, parachichi, mfenesi, au msizi ulionyooka ukatandaza matawi juu kabisa bila kuinyima migomba mwanga. Alasiri watu huhamia upande wa mashariki wa nyumba, ambako kivuli cha paa kimekwisha kuanguka. Benchi halijengewi mahali, linabebwa. Nashauri hivyo hivyo kwa kila mwenye ua mdogo: usijenge viti vya zege. Kigoda, mkeka na benchi jepesi vitafuata kivuli popote kinapokwenda.

Na kuta za ua? Hizo ni migomba. Iliyo karibu zaidi na nyumba ndiyo minene kupita yote, nshakara na nchoncho za chakula, kwa sababu inapata majivu, maganda, samadi na maji ya kuoshea vyombo. Hapa yafaa kukaa kidogo. Udongo wa rweya ni dhaifu na wenye asidi; mgomba ukiupanda huko bila matunzo, hauendelei. Weusi na ulaini wa udongo wa kibanja umetengenezwa na watu, kizazi baada ya kizazi, kwa kubeba nyasi kutoka rweya kuja kutandaza, na kwa kufuga ng'ombe ili kupata samadi. Rutuba yote hiyo inaanzia mlangoni na kusambaa kwenda nje. Mtu anapoketi uani Kagoma ameketi kwenye chemchemi ya shamba zima, na uzuri anaouona ni kazi ya mabega ya bibi na babu wa mwenye nyumba.

Wao wenyewe hawako mbali. Wahaya huwazika wapendwa wao kibanjani, na upande mmoja wa ua utaona makaburi ya familia, mengine ya saruji yenye marumaru, mengine mafungu ya mawe tu, yakizungukwa na maua. Ufagio unafika hadi hapo. Mpaka wa kibanja umewekwa kwa omulamula, mmea wa majani marefu ambao hata ukikatwa huchipua tena, hivyo jirani hawezi kuusogeza usiku mmoja. Mti wa zamani hushika kumbukumbu pia. Huko Katuruka, upande wa Maruku, wazee ndio waliomwongoza mwanaakiolojia Peter Schmidt hadi mahali patakatifu pa Kaiija, palipokuwa na mti mkubwa wa kale, na uchimbaji ukathibitisha kwamba watu wa hapa walikuwa wakiyeyusha chuma tangu yapata miaka 2,000 iliyopita. Simwambii mtu asikate mti wa uani kwake. Namwomba awaulize wakubwa kwanza.

Kuna mtindo mpya unaonisikitisha. Desemba wana wa Kagera hurudi kutoka mijini kula Krismasi nyumbani, na baadhi hurudi na mchoro. Migomba inafyekwa, pevingi zinamwagwa ukuta kwa ukuta, tofali zinapandishwa mita mbili, na katikati kinawekwa kibanda cha bati. Naelewa hamu ya kuwapa wazazi mahali pasipo tope. Lakini ua huo saa saba mchana hauketiki, mvua ya Aprili inakimbilia msingi wa nyumba, na mzee anaondoka na kigoda chake kwenda kuketi nyuma ya zizi, penye mgomba. Fedha ile ile ingetosha kuweka gata na tangi la maji ya mvua, mawe bapa mbele ya jiko, na miche michache ya miti ya kivuli.

Usidhani naielezea Kagoma isiyoguswa na shida. Mnyauko wa bakteria ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, Muleba ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumizwa mapema, na kuta za nyua zikawa za manjano na kuoza. Wakulima walifundishwa kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kupitisha panga motoni, na kung'oa mgomba mgonjwa mzima. Kwa hiyo unayetaka migomba uani kwako, usiombe chipukizi popote. Chukua kwenye shamba lenye afya au uwaulize watu wa utafiti wa migomba kama wale wa TARI Maruku. Ipande kwa mita tatu kutoka shina hadi shina, pale maji ya jikoni yanapotokea; miwili inatosha kuziba dirisha la jirani.

Halafu lilikuja tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9. Nyumba nyingi za Kagera zilianguka au kupasuka, na watu wakalala nje. Usiku huo ule uwazi wa katikati ya ua, ambao hauwekwi kitu, ulipokea magodoro na watoto. Tangu nilipolielewa hilo, sijawahi tena kumshauri mtu ajaze kiwanja chake chote.

Maua? Yapo, ila yanakaa pembeni: haibiskasi kando ya kinjia, mchaichai karibu na jiko kwa ajili ya chai, na siku hizi vanila iliyopandishwa kwenye mti, ambayo ua lake hufunguka asubuhi moja tu na lazima lichavushwe kwa mkono. Mapambo ya hapa huliwa, hunywewa au huuzwa, na hayajapungukiwa uzuri kwa hilo.

Ukitaka kuuona ua ukiwa kazini, nenda Juni hadi Agosti. Sehemu yote ya katikati hufunikwa kwa mikeka na maturubai ya kahawa ya robusta inayokauka na maganda yake, nyekundu upande huu, nyeusi upande ule, na wageni husogezwa ukingoni. Utaletewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri ikakaushwa; pokea kwa mikono miwili. Novemba na Desemba ni miezi ya senene, na taa ya uani huwashwa kwa ajili yao. Magari ya Muleba hutoka stendi ya Bukoba. Mwambie kondakta akushushe Kagoma, na usiingie kibanjani bila kubisha hodi kutoka kinjiani. Lakini aliye na mpango wa kujenga kibaraza chake mwenyewe aende Aprili, akiwa na viatu vya mpira, asimame chini ya upenu mvua ikinyesha, aone maji yanashika njia ipi kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji.